Balbu inapepesa, runinga inakula bando: kutafuta ugonjwa wa vifaa janja vya nyumbani

Saa tatu usiku, nyumbani kwa mama, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Uliporudi mara ya tatu taa ya sebuleni haikutulia. Ikaanza kupepesa, waka, zima, waka, zima, haraka haraka. Mama akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii taa yako ina nini? Macho yananiuma."

"Izime pale ukutani, subiri kidogo, kisha uiwashe."

"Nimeshaizima na kuiwasha mara ngapi sijui. Kila nikifanya hivyo inapepesa tena."

Mama hakukosea chochote. Balbu nayo haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kile ilichotengenezwa kufanya, na aliyeitengeneza hakufikiria nyumba ambayo umeme hucheza. Nitarudi kwenye balbu hiyo hapo chini.

Haya ni kwa mtu mwenye balbu, plagi, kamera au runinga janja, yaani inayoongozwa kwa simu kupitia waifai, aliyechoka kuambiwa na simu kwamba kifaa hakipo mtandaoni, na anayetaka kujua ugonjwa uko wapi kabla hajaenda dukani kununua kingine. Karatasi inayokuja ndani ya boksi huishia kwenye kuzima na kuwasha. Tuende mbele zaidi ya hapo.

Kipimo cha kwanza: kata intaneti, acha waifai

Dalili yoyote uliyonayo, anza hapa. Nenda kwenye ruta, chomoa waya unaoleta intaneti kutoka nje, lakini ruta yenyewe iache iwake. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, itoe laini, au ingia kwenye mipangilio yake uzime data. Zima na data ya simu yako. Waifai ya ndani bado ipo, kilichokatika ni njia ya kutoka tu. Sasa fungua programu ya taa ujaribu kuiwasha.

Ikiwaka, amri inasafiri ndani ya nyumba na shida yako iko kwenye waifai, kwenye umeme au kwenye kifaa. Endelea na dalili zinazofuata.

Isipowaka, umeujua ukweli mmoja mkubwa: taa iko hatua tano kutoka ulipokaa, lakini amri yako ilikuwa inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inavuka hadi seva, yaani kompyuta kubwa, ya kampuni nchi nyingine, kisha inarudi hadi kwenye balbu. Ndiyo maana taa huchelewa kuwaka jioni watu wengi wanapokuwa mtandaoni, na ndiyo maana bando likiisha taa inakuwa kiziwi. Hapo usihangaike kusogeza ruta wala kubadilisha nywila. Huo ugonjwa hauko nyumbani kwako.

Na seva ikizimwa moja kwa moja? Imeshatokea. Mwaka 2014 Nest, kampuni iliyokuwa chini ya Google, iliinunua Revolv, waliokuwa wakiuza kifaa cha kuunganisha taa, kufuli na vitu vingine vya nyumbani kwa takriban dola 300. Mei 2016 huduma ikafungwa. Vifaa havikuungua, havikupasuka, viliacha tu kufanya kazi mikononi mwa watu walioshavilipia. Aprili 2022 seva za Insteon nazo zikazimika, wateja wakagundua kwa kuona programu haiitikii. Kwangu mimi jambo hili linauma. Mtu amelipa fedha kamili kwa kitu, kitu kinakaa ukutani kwake, lakini mwenye uamuzi wa mwisho juu yake ni mtu asiyemjua.

Zungukia vifaa vyote ukiwa na daftari. Kwa kila kimoja andika kama kinaitika bila intaneti, kama kinaitika kwa kitufe chake tu, au hakiitiki kabisa. Daftari hilo litakusaidia kuliko programu yoyote.

Kifaa kipya kinakataa kuunganishwa

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kuanza nayo, ni masafa. Ruta za siku hizi hurusha waifai kwa 2.4 GHz na 5 GHz chini ya jina moja. Balbu na plagi nyingi za bei nafuu zina chipu inayosikia 2.4 pekee, kama ile ESP8266 ya Espressif ya Shanghai. Simu iko kwenye 5, balbu inatafuta 2.4, na kuna programu za simu zinazochanganyikiwa hapo. Ingia kwenye ruta, ipe 2.4 jina lake peke yake, unganisha simu kwenye jina hilo, kisha jaribu tena.

Bado inakataa? Angalia usalama wa waifai. Ikiwa umeweka WPA3, aina mpya ya ulinzi wa nywila, peke yake, vifaa vingi vya zamani havitaingia, kwa hiyo weka WPA2 au mchanganyiko wa zote mbili. Ruhusu programu ijue mahali ulipo wakati wa kuunganisha, maana bila ruhusa hiyo simu za Android mara nyingi haziipi orodha ya waifai zilizo karibu. Ukishamaliza iondoe ruhusa hiyo.

Umeme ukirudi, taa zinapepesa au zimesahau waifai

Sasa turudi sebuleni kwa mama. Balbu janja haina kitufe. Mtengenezaji akitaka kukupa njia ya kuisahaulisha waifai ya zamani, anatumia swichi ya ukutani: izime na kuiwasha haraka mara tatu, au mara tano kwa baadhi ya balbu, nayo itafuta kumbukumbu yake na kuanza kupepesa kuomba kuunganishwa upya. Sasa fikiria umeme unaokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Balbu haiwezi kujua kama ni kidole cha mtu au ni laini ya mtaani. Inahesabu tu. Ikifika tatu, inajifuta. Na mama akija kuzima na kuwasha akidhani anaitibu, anaipa hesabu nyingine.

Kwa usiku ule ule tiba ni kuiacha. Washa swichi, iache, baada ya dakika chache balbu nyingi huchoka kusubiri na kuwaka kawaida. Kisha iunganishe upya. Lakini hiyo haizuii kesho.

Kuna njia tatu za kuzuia, nami nimezijaribu zote. Ya kwanza ni ya fundi: relei ya kulinda volteji inayofungwa kwenye boksi la sakiti breka. Ndugu yake unamjua, ni kile kilinda friji tunachochomeka nyuma ya friji, kinachosubiri kwanza umeme utulie ndipo kiruhusu. Relei ya kwenye boksi inafanya hivyo kwa nyumba nzima. Umeme ukicheza mara tatu, nyumba haioni mara tatu. Inaona giza moja refu kisha umeme uliotulia. Faida yake inavuka taa, kwa sababu inakulinda pia volteji inapopanda au kushuka kupita kiasi. Ifungwe na fundi umeme anayejua kazi yake, na ukubwa wake ulingane na mzigo wa nyumba.

Ya pili ni kuhamisha ujanja kutoka kwenye balbu kwenda kwenye swichi. Balbu ya kawaida haina kumbukumbu ya kufutika. Hii ndiyo niliyomfungia mama, na sababu kubwa haikuwa umeme. Mtu akiingia chumbani gizani, mkono unakwenda ukutani. Nyumba inayomlazimu mgeni kutafuta simu ili awashe taa ya choo imejengwa kinyume na binadamu. Swichi janja inakubali kidole kwanza, simu baadaye.

Ya tatu ni ya wapenzi wa kazi hii: kubadilisha programu iliyo ndani ya kifaa. Tasmota ni programu huria iliyoanzishwa na Theo Arends, nayo huingia kwenye vifaa vyenye chipu za ESP. Nayo ina desturi ya kujifuta umeme ukikatika na kurudi haraka mara nyingi mfululizo, lakini tofauti yake ni kwamba wewe unaweza kuikataza. Fungua ukurasa wa kifaa kwenye kivinjari, ingia sehemu ya kuandika amri, andika `SetOption65 1`. Kuanzia hapo umeme ucheze utakavyo, haitajifuta. Ila ujue umefunga pia mlango wa dharura, kwa hiyo hakikisha kwanza waifai uliyoiandika ni sahihi. Kisha `PowerOnState 0` ukitaka taa irudi ikiwa imezimwa, au `PowerOnState 3` ukitaka ikumbuke ilivyokuwa. Kwa chumba cha mtoto naweka 0, umeme ukirudi saa nane usiku asiamshwe na taa.

Angalia chipu kabla hujanunua. Vifaa vingi vipya vimehamia kwenye chipu za Beken, mfano BK7231, na Tasmota haiingii humo. Hapo tafuta OpenBeken au ESPHome, programu nyingine za aina hiyo. Na hili nalisema kwa uzito wote: ukifungua plagi au swichi ili uunganishe nyaya za kompyuta za kuingiza programu, kifaa kisiwe kimechomekwa kwenye umeme hata kwa sekunde. Ndani ya nyingi za plagi hizo hakuna kinachotenganisha saketi ndogo na volti 230. Zinaweza kukuua wewe, na kompyuta ikafuata.

Kuna ndugu wa tatizo hili. Umeme umerudi, taa hazipepesi, lakini nusu ya vifaa havionekani. Hapo ruta inachukua dakika mbili kuamka, plagi zinaamka kwa sekunde chache, zinatafuta waifai, hazioni kitu, na baadhi hukata tamaa. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoishikilia umeme ukikatika. Soma kibandiko chini ya ruta kwanza, kwa sababu kuna za volti 9 na kuna za 12, na ukikosea unaichoma. Kama unatumia faiba, kile kisanduku cheupe cha faiba nacho kiingie kwenye UPS, la sivyo utakuwa na waifai nzuri isiyokwenda popote.

Taa imezimwa lakini inamulika kwa mbali

Hii huwatia watu hofu ya majini, nami nimeitwa zaidi ya mara moja. Nyumba zetu nyingi zina waya mbili tu kwenye boksi la swichi: moto unaoingia na moto unaokwenda kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, inapita darini moja kwa moja hadi kwenye taa. Swichi janja inahitaji umeme kidogo muda wote ili ibaki hai, na ikikosa nyutro, inaiba umeme huo kupitia kwenye taa yenyewe. Balbu ya zamani ya waya isingeonyesha. Balbu ya LED inatosheka na kidogo sana, kwa hiyo inamulika hafifu usiku kucha, au inapepesa.

Dawa ya haraka ni kapasita ndogo, kifaa kinachopitisha umeme ule ulioibwa pembeni ya taa, inayofungwa sambamba na taa. Swichi nyingi za aina hiyo huja nayo ndani ya boksi na watu huitupa wakidhani ni kipuri. Dawa kamili ni fundi avute nyutro hadi kwenye swichi. Kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie fundi apeleke nyutro kwenye kila boksi la swichi kabla ya plasta. Gharama yake wakati huo ni waya tu.

Kila baada ya siku kadhaa kinapotea

Kifaa kinafanya kazi Jumatatu, Alhamisi hakipo, ukikizima na kukiwasha kinarudi. Mara nyingi ni anwani. Ruta huvikodishia vifaa anwani za IP, na muda wa kukodi ukiisha kifaa kinaweza kupewa nyingine. Programu inakitafuta nyumba ya zamani, kumbe kimehama. Ingia kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta, ndio unaogawa anwani hizo, kitengee kila kifaa anwani yake ya kudumu, kisha iandike kwenye lile daftari.

Ikiwa anwani haibadiliki, pima nguvu ya waifai pale kifaa kilipo. Programu za bure za kupima huonyesha namba hasi kwa dBm. Karibu na -60 ni nzuri. Ikifika -80 kifaa kitaishi kwa kubahatisha. Ukuta wa tofali za saruji unakula mawimbi, zege lenye nondo linakula zaidi, na geti la bati karibu linayazuia kabisa. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 pekee, maana hizo ndizo zisizoingiliana. Angalia pia idadi: baadhi ya ruta za laini ya simu zina kikomo cha vifaa 32, na familia yenye simu kumi na balbu kumi na tano inakikaribia bila kujua.

Kwa wenye Zigbee, njia nyingine ya vifaa kuwasiliana bila waya wala waifai: kama kipokezi chako cha USB kimechomekwa kwenye mlango wa USB 3, hasa ule wa buluu nyuma ya kompyuta, kelele za mlango huo huangukia kwenye 2.4 GHz, masafa yale yale ya Zigbee. Kichomeke kwa waya wa kurefusha wa mita moja, kwenye USB 2 kama ipo. Nilihangaika wiki tatu na vitambuzi vya mlango vilivyokuwa vikipotea, na waya huo ndio ulioniponya.

Bando linaisha na hakuna aliyetazama kitu

Ingia kwenye ruta, tazama orodha ya vifaa na matumizi ya kila kimoja. Mara nyingi utaikuta runinga juu. Inapakua masasisho usiku, inapakua matangazo ya ukurasa wa mwanzo, na runinga nyingi janja zina mfumo wa kutambua kinachoonekana kwenye kioo na kukiripoti. Hii si tetesi: Februari 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 huko Marekani baada ya kukutwa imekusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila idhini ya wenyewe.

Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya faragha na uzime kila kinachozungumzia kutambua maudhui au matangazo yanayokuhusu. Kisha jiulize kama runinga yenyewe inahitaji waifai. Ya kwangu nimeinyima kabisa. Inapokea picha kutoka kisanduku kidogo nilichokichagua mimi, nayo imebaki kuwa kioo.

Anayetaka kuzuia kwa nyumba nzima aweke Pi-hole, programu inayojibu maswali ya DNS ya kila kifaa, yaani jina hili la seva liko anwani gani, na kukataa majina ya seva za matangazo. Ukiiweka na runinga ikaendelea kama vile haipo, kuna uwezekano imeandikiwa ndani yake kuuliza 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, moja kwa moja, ikiruka ruta yako. Hapo unahitaji ruta inayokubali amri zako, mfano yenye OpenWrt, programu huria ya ruta, ili uyageuze maswali hayo yaende kwako.

Nikiwa mbali sioni nyumbani

Umefungua mlango kwenye ruta, yaani umeiamuru ipitishe maombi ya kutoka nje, ili uone kamera, haifanyi kazi. Angalia anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yako ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mlango ulioufungua hauonekani kutoka nje.

Nami nakuomba usiufungue hata kama unaonekana. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka dunia kikijaribu nywila za kiwandani kwenye kamera na rekoda zilizo wazi. Hakikuhitaji akili nyingi. Kilikuta watu hawakubadilisha nywila. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuiangusha Dyn, kampuni iliyotoa huduma ya DNS kwa tovuti nyingi, na tovuti kubwa Marekani zikatoweka kwa saa kadhaa. Tumia WireGuard, programu ya VPN, au Tailscale ambayo hupita hata nyuma ya anwani ya pamoja. Simu inaingia nyumbani kwa njia iliyofungwa, na dunia haioni mlango.

Kompyuta inayosimamia nyumba imekufa

Ukishavuta vifaa ndani, utahitaji kitu cha kuviongoza. Mimi natumia Home Assistant, mradi huria ulioanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Wengi huanza nao kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, yenye kadi ya kumbukumbu, na baada ya miezi kadhaa mashine haiwaki. Karibu kila mara ni kadi: inaandikwa usiku na mchana, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, inaharibika.

Tafuta kompyuta mpakato ya zamani ya biti 64, hata kama kioo kimepasuka au kibodi haifanyi kazi. Iwekee SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Betri yake ikibaki na nusu saa tu inatosha kuwa UPS. Ya kwangu ilikuwa imelala kabatini miaka minne, bawaba zimelegea, herufi za A na E hazibonyezeki. Sasa iko juu ya friji na inaendesha nyumba mbili, yangu na ya mama, kupitia WireGuard. Nakala ya mipangilio inatoka kila Jumapili usiku kwenda kwenye flashi, na flashi haikai nyumba moja na kompyuta.

Kwenye daftari langu kimebaki kifaa kimoja ambacho bado hakijafaulu kipimo cha kwanza: kamera ya geti. Inarekodi kwa seva ya nje tu, haina RTSP wala ONVIF, njia za kupata picha zake ndani ya nyumba, na nimeshafungua ganda lake mara mbili nikitafuta jina la chipu. Jumamosi nitaingia na lenzi ya kukuza.